Maji ya Kunawa Uso: Niliyojifunza Nikipambana na Vikope Dodoma

Mimi ni afisa afya, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitisha kwenye vijiji vikavu vya mkoa wa Dodoma, kule ambako vikope, au trakoma kama wanavyouita ugonjwa huu hospitalini, vimewasumbua watu vizazi na vizazi. Mtoto huambukizwa bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis. Ukope wake unavimba kwa ndani na kuota vipele, anapona, anaambukizwa tena, anapona, anaambukizwa tena. Makovu yanajikusanya mwaka hadi mwaka mpaka ukope unajikunja, nywele zake zinageukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Akishakuwa mtu mzima nuru inaanza kumtoka. Wanawake hufikia hatua hiyo mara mbili mpaka nne zaidi ya wanaume, kwa sababu wao ndio wanaolala na watoto, wanaowabeba, na wanaowafuta nyuso kwa khanga ileile wanayojifutia wenyewe.

Dawa ipo, na upasuaji wa kusawazisha kope upo. Tangu miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani limeipanga kazi hii katika mambo manne yanayokwenda pamoja: upasuaji, antibiotiki, usafi wa uso na mazingira bora. Mawili ya kwanza yana bajeti, vifaa na ripoti. Mawili ya mwisho yanatuangukia sisi tulioko kijijini, na hayo ndiyo ninayotaka kuyasimulia.

Tunahimizwa kufanya kazi kwa kufuata ushahidi wa kisayansi. Nakubaliana na hilo kwa moyo wote. Lakini nimeshuhudia mara nyingi watu wakichukua jibu la utafiti na kuiacha njia iliyolileta, kisha wakashangaa mbona halifanyi kazi. Jambo hili linaniuma, kwa sababu wanaolipia gharama yake ni watoto ambao miaka thelathini baadaye watakuwa bibi na babu wasioona.

Ushahidi wenyewe hatukuuagiza mbali. Uko papa hapa, wilayani Kongwa. Mwaka 1995 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa huko na Sheila West na wenzake. Vijiji sita vilipangwa kwa jozi. Vyote vilipewa dawa ya tetrasaiklini ya kupaka machoni. Katika vijiji vitatu kati ya hivyo, pamoja na dawa, kulifanyika kazi ya kukaa na wananchi, kuzungumza nao na kujenga makubaliano kwamba nyuso za watoto ziwe safi. Baada ya mwaka mmoja, watoto wa vijiji hivyo vitatu walikuwa wakikutwa na nyuso safi mara nyingi zaidi kuliko wenzao, na uwezekano wa mtoto kuwa na vikope vikali ulikuwa chini kwa zaidi ya theluthi moja ukilinganisha na pale palipotolewa dawa peke yake. Kwa vikope vyote kwa ujumla, vikali na vya kawaida, tofauti ilikuwa ndogo na isiyo na uhakika. Hilo nalitaja makusudi. Ukimwambia mwananchi kwamba kunawa uso kutamaliza ugonjwa, umemwambia kitu ambacho utafiti haukusema. Kunawa kulisaidia kukiwa pamoja na dawa, na kulisaidia zaidi kwa wale watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi, siyo walionawishwa siku ya ukaguzi.

Kuna sehemu nyingine ya kazi ile ya Kongwa ambayo watu wachache huikumbuka. Kabla ya jaribio lenyewe, timu hiyo ilichunguza jinsi familia za eneo hilo lenye shida ya maji zinavyoyatumia maji yao, ikachapisha ilichokiona mwaka 1990. Yaani walianza na maji, nyuso zikafuata. Kwangu mimi huo ndio moyo wa ushahidi wote.

Sasa nieleze nilichokiona katika wilaya niliyokuwa nikifanyia kazi. Lilikuja shirika moja na kampeni ya usafi wa uso. Mabango mazuri ya rangi yalibandikwa zahanati, shuleni na kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji. Yalionyesha mtoto ameinama chini ya bomba, maji yanamwagika, povu la sabuni limejaa mikononi. Fulana ziligawiwa, mkutano wa uzinduzi ukafanyika, hotuba zikatolewa. Andiko la mradi liliutaja utafiti wa Kongwa kuwa ndio msingi wake. Lakini kilichochukuliwa kutoka Kongwa yalikuwa maneno mawili tu: osha uso. Vikao vya vitongoji viliachwa. Mazungumzo ya maji yaliachwa. Kurudi tena na tena kuliachwa, kwa sababu mambo hayo yanakula muda na hayaenei kwenye ripoti ya robo mwaka. Katika kijiji kile hapakuwa na bomba hata moja. Mama aliyelitazama bango lile aliona maisha ya mtu mwingine.

Mradi wa namna hiyo ukishindwa, watu husema kunawa uso hakusaidii. Mimi nasema hapana, kilichofanyika pale sicho kilichofanyika Kongwa, kwa hiyo hakituambii lolote kuhusu Kongwa.

Kampeni ilipoondoka, mimi na wahudumu wa afya wa vitongoji tuliamua kuanzia kisimani. Kiangazi, maji ya vijiji vile yanachimbwa kwenye mchanga wa korongo. Mama anashuka ndani ya shimo, anakinga kwa kikombe, anamimina kwenye ndoo, anasubiri maji yachuruzike tena, anakinga tena. Juu kwenye ukingo, madumu ya njano ya lita 20 yamepangwa foleni, kila moja lina alama ya mwenyewe: hili limefungwa kitambaa chekundu mkononi, lile limezibwa kwa gunzi la mahindi. Foleni ile ina mazungumzo ya kweli kuliko mkutano wowote wa kijiji. Mkutanoni wanawake hukaa nyuma, na mwenyekiti akiuliza kama kuna swali, wananyamaza. Kisimani wanasema.

Tuliwaomba watueleze dumu la kwanza la asubuhi linakwenda wapi. Walitaja bila kusita: uji, maji ya kunywa, maji ya baba kunawa, sufuria ya ugali, mlenda, vyombo, ndama aliyebaki nyumbani. Uso wa mtoto haukutajwa. Nilipouulizia, mama mmoja alinijibu kwa upole kabisa:

"Bwana afya, mimi nina watoto watano. Nikisema niwaoshe wote kila siku, dumu limekwisha na bado sijapika."

Yule mama hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa amepiga hesabu, na kwa jinsi alivyofikiri kunawa kunavyofanyika, yaani kila mtoto na beseni lake, hesabu yake ilikuwa sahihi. Hakuna bango linaloweza kuishinda hesabu ya mtu anayeyabeba maji kichwani. Kinachoweza kuibadilisha ni kuipiga upya pamoja naye.

Tulichukua chupa ya maji ya lita moja. Mhudumu wa kitongoji, dada aliyezaliwa palepale na anayejulikana na kila mtu, alimwita mtoto wa kwanza. Alimmiminia maji kidogo kiganjani, akamwonyesha kulainisha tongotongo kwenye pembe za macho na makamasi chini ya pua, akammiminia tena kidogo asuuze, akamwambia aache uso ukauke kwa upepo. Kitambaa hatukutumia, maana kitambaa kimoja kwa watoto wote kinautoa ugonjwa kwa huyu na kumpelekea yule. Akaja wa pili. Wa tatu. Akina mama wakaanza kuhesabu kwa sauti. Watoto waliokuwa pale waliisha wote, na chupani maji yalikuwa bado. Yule mama wa watoto watano aliichukua chupa, akaiinua kuitazama, kisha akamwita binti yake mkubwa aliyekuwa kwenye foleni aje naye anawe.

Baada ya hapo maswali yaliyotoka yalikuwa ya watu wanaopanga jambo lao wenyewe. Maji ya kusuuzia vyombo yanafaa? Hapana, yana mabaki ya chakula na yatavuta nzi. Mtoto anawe lini? Asubuhi kabla ya kutoka, na tena jioni kama maji yapo. Nani atamwangalia mdogo, mama akiwa shambani? Hapo wakakubaliana kwamba dada na kaka zao wanaosoma wapewe kazi hiyo kabla ya kwenda shule. Sisi tusingelifikiria hilo, na lilikuwa muhimu mno, kwa sababu vikope hushambulia zaidi watoto wadogo ambao bado hawajaanza shule. Ukaguzi wa kucha na nyuso kwenye gwaride la shule hauwafikii.

Wanaume walikuwa kazi nyingine. Katika nyumba nyingi punda au baiskeli ni ya baba, na baba ndiye anayeamua kama vitumike kuchota maji au kubeba mizigo ya biashara. Tulikwenda kuwatafuta mnadani, siku ya kuuza mifugo, tukakaa nao kivulini. Habari za nyuso za watoto waliziona ni mambo ya wanawake. Lakini tulipowauliza kuhusu mama zao, mazungumzo yaligeuka. Karibu kila mmoja alikuwa na mama, shangazi au bibi ambaye sasa anashika ncha ya fimbo huku mjukuu akishika ncha ya pili na kumwongoza. Mjukuu huyo haendi shule. Mzee mmoja alisimama akasema mbele ya wenzake kwamba punda wake atachota maji kila siku ya pili, na wengine wakaanza kuulizana. Sikuwa nimekwenda na takwimu yoyote siku hiyo. Ushahidi wa kwamba vikope vinapofusha walikuwa nao majumbani mwao.

Suala la nzi nalo lilinifundisha jambo. Katika jamii ya wafugaji, nzi wakiwa wengi watu husema ni wa ng'ombe, na ng'ombe ni mali, kwa hiyo nzi huvumiliwa. Kuwaambia watu wahamishe zizi ni kutafuta ugomvi usio na sababu. Utafiti uliofanyika Gambia ulichunguza nzi anayependa kutua machoni, Musca sorbens, ukaona kwamba huzaliana zaidi kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, ingawa kinyesi cha wanyama pia humtoa kwa kiasi. Ndani ya shimo la choo hakuzaliana. Mwaka 2004 watafiti hao walitoa matokeo ya jaribio kubwa zaidi: palipopulizwa dawa ya kuua nzi, nzi waliotua machoni mwa watoto walipungua kwa asilimia 88, palipojengwa vyoo, kwa asilimia 30. Kupuliza dawa kijiji kizima mwaka baada ya mwaka hatukuwa na uwezo nako. Choo cha shimo kila kaya inaweza kukichimba yenyewe. Kwa hiyo tulilinyamazia zizi, tukazungumzia kichaka cha nyuma ya nyumba, na hasa kinyesi cha watoto wadogo ambacho watu wengi hukiona hakina madhara. Hilo walilipokea, kwa sababu halikugusa ng'ombe wa mtu.

Vibuyu chirizi tulitengeneza vingi. Unachukua dumu la lita 5, unalitoboa kwa msumari uliopashwa moto, unalining'iniza kwenye mti kwa kamba, na kamba nyingine inashuka mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Maji yanatoka kidogo kidogo, na hakuna anayegusa dumu kwa mikono michafu. Masika vilifanya kazi vizuri. Kiangazi vingi vilining'inia vikavu. Kaya zilizoendelea ni zile ambazo mtoto mmoja alikuwa amekabidhiwa kibuyu kuwa ni chake, ajaze mwenyewe kabla ya kulala. Zile zilizokichukulia kuwa ni cha watu wote, kilikufa mapema.

Kuna bibi mmoja ambaye sura yake siisahau. Shingoni alivaa kibano kidogo cha chuma kwenye uzi mweusi. Kila asubuhi mjukuu wake alimkalisha mlangoni kwenye mwanga na kumng'oa nywele za kope zilizoingia ndani, moja baada ya nyingine, naye akiwa ameshika magoti kwa maumivu. Alikuwa amefanya hivyo miaka mingi. Tulipomweleza kwamba upasuaji ni mdogo, unafanyika kwa ganzi na anarudi nyumbani siku hiyohiyo, alikataa. Tukarudi, akakataa tena. Hofu yake haikuwa kisu. Aliogopa kwamba wakimfunga bendeji hataweza kutunza moto na kuku kwa siku hizo, na hakutaka kuwa mzigo kwa mkwe wake. Aliyembadilisha alikuwa mama mwingine wa kitongoji cha jirani aliyekwisha kusawazishwa kope. Alikuja kukaa naye, akampikia, akampeleka na kumrudisha. Tangu hapo, kila tunapoandaa kambi ya upasuaji, kwanza tunawatafuta waliokwisha kupona, ndipo tunapotuma matangazo.

Siku za kugawa dawa nazo zina mambo yake. Vidonge vya azithromaisini, ambayo ni antibiotiki ya vikope, vimekuwa vikitolewa bure nchini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kipimo cha mtu hupatikana kwa fimbo ya urefu, bila mizani. Uvumi kwamba ni dawa za kuzuia uzazi tumeusikia wote. Ulipungua pale wagawa dawa walipoanza kumeza mbele za watu, wao na watoto wao, na pale tulipowaambia watu ukweli mapema kwamba wapo watakaosikia kichefuchefu kidogo. Ukimficha mtu jambo dogo, hatakuamini katika kubwa.

Sasa kupima. Ukimuuliza mama kama amemuosha mtoto, atasema ndiyo. Adabu inamtaka asikuvunje moyo. Kwa hiyo tuliacha kuuliza. Tulikubaliana juu ya maana ya uso safi: hakuna tongotongo machoni, hakuna makamasi puani. Mhudumu wa kitongoji, akipita kwenye shughuli zake za kawaida, aliwatazama watoto wadogo na kuandika daftarini alama moja tu kwa kila mtoto. Sisi wa wilaya tulijizuia kwenda mara kwa mara, kwa sababu pikipiki yetu inasikika toka mbali, na ikisikika watoto wanafutwa nyuso haraka kwa khanga, jambo lilelile tunalotaka liachwe.

Daftari lile lilituonyesha kitu ambacho ripoti zetu hazikuwahi kukionyesha. Nyuso chafu hazikutawanyika ovyo. Zilijaa katika vitongoji viwili, na zilipanda kuanzia Agosti mpaka mvua zilipoanza. Vitongoji hivyo ndivyo vilivyokuwa mbali zaidi na pampu ya kijiji. Kwa kweli akina mama wa huko walikuwa wamehudhuria vikao kuliko wengine wote, na waliweza kueleza habari za vikope vizuri kuliko baadhi ya watumishi wetu. Elimu walikuwa nayo. Kilichokosekana kilikuwa saa za mchana zinazoishia njiani. Kuwaongezea semina kungekuwa dhuluma.

Mtaalamu mmoja aliyetutembelea aliliangalia daftari akasema halina hadhi ya utafiti. Ni kweli, halina. Lakini ndilo tulilolipeleka kwa chombo cha watumia maji, na kwa mara ya kwanza suala la vikope likajadiliwa na watu wanaosimamia pampu. Awali, afya na maji walikuwa wanakutana kwenye sherehe za kitaifa tu. Wanakamati walipoona alama za vitongoji vile viwili zimekaa pamoja ukurasa mzima, mmoja wao aliomba daftari lizungushwe meza nzima.

Nchi kadhaa zimekwisha kuushinda ugonjwa huu kwa kiwango kinachotambuliwa na Shirika la Afya Duniani: Oman mwaka 2012, Ghana mwaka 2018, jirani zetu Malawi mwaka 2022. Kigezo kimojawapo ni kwamba katika watoto wa mwaka 1 hadi 9, wenye dalili za vikope wawe chini ya asilimia 5. Wilaya ikishuka chini ya hapo, ugawaji wa dawa kwa watu wote unasimamishwa. Wengi husherehekea siku hiyo, nami nitasherehekea. Lakini mimi pia huingiwa na wasiwasi, kwa sababu dawa ikiondoka kinachobaki ni uso safi, choo na maji.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Nimepata nafasi ya kuzungumza na baadhi ya wanaofundishwa. Wanakuja na vitabu vya mwongozo, wamevisoma, wana ari. Mimi huwaomba wafanye kazi moja kabla ya kufungua kitabu chochote: wakae asubuhi nzima mahali watu wanapochota maji, wasifundishe neno, waulize tu dumu la kwanza linakwenda wapi na nani ameamua hivyo. Wakirudi, mjadala wao huwa umebadilika. Wanaanza kuulizana ni sehemu gani ya mwongozo inatekelezeka kiangazi, ipi isubiri mvua, na ni nani kijijini ambaye neno lake linasikilizwa.

Kwenye kijiji cha lile daftari, kamati ya maji imekubali kujadili bei ya ndoo kwa vitongoji viwili vya mbali katika miezi ya ukame. Akina mama wameomba kituo cha pili cha kuchotea kiwekwe upande wao, na wanaume wamejitolea kuchimba mtaro wa bomba. Kikao kijacho ni baada ya mavuno, na daftari la nyuso litakuwa mezani.